Kigelegele cha Pumzi Moja

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nisipoisema mimi, wifi yangu ataisema, na yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa siku chache baada ya Idd ndogo, hapa kwangu Mwabungo. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, alikuwa ameletewa posa. Wanaume walikuwa barazani wakijibizana kwa adabu, na sisi wanawake tulikuwa chumbani tumetega masikio. Sasa, kwetu kuna desturi moja ambayo sijui ilianza na nani. Mimi niliikuta kwa mama, na mama aliikuta kwa mamake. Jambo la heri la binti likikubaliwa, kigelegele cha kwanza ni cha bibi mzaa mama, peke yake, tena cha pumzi moja. Hakikatwi. Wengine wote hufunga midomo mpaka bibi ateremshe ncha ya leso yake, na hapo ndipo nyumba nzima hupasuka. Watu husema kigelegele kikiwa kirefu, na ndoa itakuwa ndefu. Kama ni kweli Mungu ndiye ajuaye, lakini nilipoolewa mimi, bibi yangu alipiga kimoja mpaka kuku wakakimbilia shambani, na nilikaa na mume wangu miaka thelathini na tisa hadi alipotangulia mbele ya haki.

Basi neno likaja kutoka barazani kwamba wamekubali. Nikasimama, nikainua leso, nikaanza. Kikaenda vizuri, kikapanda, na pale pale penye kupanda kikanikwama. Nikakohoa. Wala si kile kikohozi cha kusafisha koo, ni kile cha kuinama na kushika magoti, machozi yakikutoka. Chumba kizima kimya. Katikati ya kimya hicho nikasikia kigelegele kinaendelea, kinamaliziwa kwa ustadi kabisa, na sauti ile ningeijua hata usingizini. Alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa makuti tu.

Alipomaliza akanishika bega, akasema kwa sauti ambayo hata wanaume nje waliisikia, "Usijali, wifi. Siku ya harusi ukishindwa, mimi nipo."

Nilitamani ardhi inimeze. Au hapana, nilitamani immeze yeye kwanza.

Harusi ilipangwa baada ya Idd kubwa, kiasi cha miezi miwili na ushei. Jioni hiyo mjukuu wangu alikuja kukaa karibu yangu mkekani. Yeye hufanya kazi mapokezi katika hoteli moja kule Diani, na amejifunza huko kusema mambo mazito huku anatabasamu.

"Bibi, kesho twende kliniki."

"Siendi. Ni baridi tu ya kusi."

"Bibi, baridi hiyo una nayo tangu mimi niko darasa la sita."

"Mke mwenzangu, usinipande kichwani," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu alipozaliwa, mke mwenzangu, na babu yake alikuwa akifurahi sana kusikia tunamgombea. Lakini akanitazama kwa macho yale yale ya babu yake, akasema, "Sitaki kigelegele cha mtu mwingine. Nataka chako." Kesho yake nikavaa buibui, tukaenda.

Muuguzi alikuwa msichana wa bara, mweupe wa meno, mchangamfu. Akaniita shosho. Nikamwambia mimi si shosho, mimi ni bibi. Akacheka, akasema sawa shosho. Akaniuliza nimefanya kazi gani maishani, nikamwambia nimekaanga mahamri na viazi vya karai kwa kuni tangu mamake huyu binti ananyonya, nikiwauzia watu wa hoteli wanaopita asubuhi, na niliacha juzi juzi tu miguu ilipochoka. Akatingisha kichwa. Akanipa kibomba cha plastiki chenye kishale, akaniambia nivute pumzi nipulize kwa nguvu zangu zote. Nikapuliza. Kishale kikasogea kidogo kikakaa, kama mtu mvivu aliyeitwa kazini.

"Mapafu imechokeshwa na moshi," akasema. Kisha akanieleza kwa ile lugha yao: moshi ukiingia kila siku miaka na miaka, unaleta kitu kama kutu ndani ya kifua. Mboga za majani na matunda ya rangi yana kitu cha kuusaidia mwili kupigana na hiyo kutu. Jina lake antioksidanti. Yarabi! Neno refu kama foleni ya feri ya Likoni. Nikamwomba alirudie mara mbili ili nikamwambie wifi.

Alinipa mambo matatu, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa langu lilianzia hapa. La kwanza, nitoke kwenye moshi. La pili, nitumie ile pampu ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo, asubuhi na jioni. La tatu, nile mboga na matunda kwa wingi, kila siku. Akasema na kurudia kwamba la tatu halifanyi kazi ya la kwanza. Mimi nilisikia la tatu peke yake. Lilinifurahisha. Lilinipa kazi jikoni, na jikoni ndiko ninakojua kutawala. Ile pampu nikaitia kabatini chini ya leso zangu za doti, wageni wasije wakaiona wakadhani mimi mgonjwa.

Tukapitia Kombani sokoni, na pale nilinunua kama mwenye harusi mwenyewe. Mchicha, matembele, majani ya kunde, mafungu mawili ya mchunga, kisamvu kilichotwangwa, boga la rangi ya machungwa, machungwa yenyewe, mapera, ndimu, na mabungo yaliyoiva yanukia mpaka barabarani. Mjukuu wangu alibeba mifuko huku na huku akilalamika kwamba atarudi kazini mikono imerefuka.

Wiki tatu nilikula hivyo. Nikiamka, papai. Mchana, kisamvu cha nazi. Jioni, mchunga na samaki wa kupaka. Katikati, sharubati ya mabungo, ile nzito, unaikamua mpaka kokwa zinabaki nyeupe. Na siwezi kusema uongo, nilifurahi sana. Ulimi wangu ulikuwa umesahau kuwa kuna kitu zaidi ya chai ya rangi na mkate. Wifi alichungulia juu ya ua siku moja akauliza, "Wifi, umefuga mbuzi ndani? Naona majani yanaingia tu, hayatoki."

"Ni antioksidanti," nikamjibu.

"Dawa ya kienyeji au ya hospitali?"

"Ya wenye akili," nikamwambia, na nikaingia ndani kwa maringo.

Tukarudi kliniki. Nilipuliza kile kibomba kwa kiburi, nikijua kishale kitaruka mpaka mwisho. Kikashuka. Nakwambia kilishuka, kikasimama chini ya pale pa kwanza! Nilihamaki. Nikamwambia yule msichana kibomba chake kimeharibika. Akanipa kingine, kikasema vile vile. Nikamwambia nimekula majani wiki tatu hata ng'ombe wa Kinango hajala hivyo, na kama hiyo ndiyo sayansi yao basi waichukue. Mjukuu wangu alikuwa ananivuta mkono wa buibui. Msichana wa watu hakukasirika hata kidogo. Akangoja nikamaliza, akaniuliza swali moja.

"Shosho, hiyo kisamvu unapikia wapi?"

"Jikoni. Watu hupikia wapi?"

"Na inachukua muda gani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kisamvu hutokota tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ndipo kiwe laini. Mchunga wangu nao nilikuwa nauchemsha mara mbili na kumwaga maji, kutoa ule uchungu. Na muda wote huo mimi niko pale pale juu ya kigoda, nachochea kuni, napuliza moto. Kwa hiyo kabla ya posa nilikuwa nakaa jikoni saa moja kwa siku, na tangu nianze kujitibu nilikuwa nakaa saa tano. Mjukuu wangu aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Na mimi, nikiwa bado na hasira, nikaanza kucheka, na kucheka kukaleta kukohoa, na yule muuguzi akatupa maji sote wawili.

Tulipofika nyumbani, mjukuu akaenda moja kwa moja jikoni kwangu, akasimama mlangoni na viatu vyake vya hoteli. Jiko langu ni la udongo na fito, paa la makuti, mlango mmoja mfupi. Dirisha hakuna. Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha juu. Juu ya mafiga pana uchaga, dari ya fito tunapoweka mahindi ya mbegu, na moshi ndio unaoyalinda. Ukiweka dirisha moshi unakwenda zake, fukusi wanaingia, na msimu ukija huna cha kupanda. Mama yangu hakuwa na dirisha. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na tundu moja dogo, na siku nilipoolewa hapa aliliziba kwa udongo akaniambia sasa jiko limekamilika.

Mjukuu wangu alitazama ile dari nyeusi ti, akanitazama mimi. "Bibi, hapa unayefukizwa ni mahindi au ni wewe?"

Lilinichoma hilo. Nililala nalo mchana, nikaamka nalo alasiri. Kilichoniuma si kwamba alikuwa amekosea. Nimewazuia fukusi wasile mahindi, na mimi mwenyewe nikaliwa.

Siku ya pili nikateremsha mahindi yote, nikayapukuchua, nikayatia kwenye pipa pamoja na majivu yaliyochekechwa, nikafunga kifuniko. Kisha nikachukua sururu. Mjukuu alisema tungoje mtu aje afanye, nikamwambia mtu huyo ni mimi. Nikapiga mara tatu, nikapumzika. Nikapiga mara tatu tena, nikapumzika. Yeye akaokota mapande kwa zile kucha zake zilizopakwa rangi, na udongo mkavu wa zamani ulikuwa ukituangukia vichwani, mweusi kwa masizi. Tulipotoboa, upepo uliingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa bi harusi. Nilisimama mbele ya lile tundu nikauacha unipige usoni. Nilijisikia vizuri kupita kiasi, sijui niseme vipi.

Wifi alikuja mbio akidhani nyumba imeanguka. Akatazama tundu, akatazama sururu, akaniuliza kama nina akili timamu.

"Sasa kila mpita njia atajua umepika nini!"

"Na wajue! Nimepika mchunga."

Alisonya, akarudi kwake. Lakini nilimwona akigeuka mara mbili kutazama.

Kuanzia hapo mafiga yakahamia nje, chini ya kibanda kisicho na kuta, na jikoni niliingia siku za mvua tu. Kisamvu nikakiacha kwa siku za sherehe. Mchicha na matembele nikajifunza kuyapika haraka, yakiwa bado kijani, na maji ya mchunga nikaacha kuyamwaga. Nilivumilia uchungu wake na mwishoni nikaupenda. Pampu nikaitoa kabatini. Nikaitundika msumarini karibu na tasbihi yangu, na mgeni akiuliza namwambia.

Kilichobaki kilikuwa mazoezi. Kila baada ya sala ya alfajiri nilikwenda nyuma kabisa ya shamba, kwenye migomba, nikajaribu kigelegele. Vifupi mwanzoni, vya kuku aliyekabwa. Wiki ya pili vikarefuka. Wiki ya nne nilikuwa napiga kimoja mpaka naona haya mwenyewe. Asubuhi moja nikasikia hodi. Walikuwa majirani watatu wamevaa leso safi, mmoja amebeba sukari, wanauliza nani kajifungua. Nikawakaribisha chai. Ningewaambiaje kwamba aliyezaliwa ni pumzi yangu? Wifi alicheka siku mbili mfululizo, na mimi nikamsikia kupitia ua, kicheko chake kikikatika katika, nikadhani ni ile furaha yake ya kunicheka.

Siku ya harusi ikafika. Wanaume wangekwenda msikitini baada ya alasiri, na pilau ilipaswa kuwa tayari kabla. Sasa hapa mjue, katika ukoo huu mwiko wa pilau ya harusi ni wangu. Hauguswi. Miaka yote hiyo hakuna sufuria lililofunguliwa bila mimi kuonja. Asubuhi ile moto ulikuwa umewashwa katikati ya watu, kuni mbichi, moshi umetanda uwanja mzima, na mimi nilisimama pembeni upande wa upepo na mwiko mkononi. Nilijua nikisogea nitapata pilau, nitakosa kigelegele. Nikamwita wifi mbele ya wanawake wote, nikampa mwiko.

Alinitazama kama nimempa mtoto wangu. "Wifi, unaumwa?"

"Siumwi. Naweka pumzi."

Akaupokea kwa mikono miwili. Hakusema neno la kejeli, na hilo lilinishangaza. Akakaza leso kiunoni, akaenda kwenye moshi.

Baada ya alasiri mjukuu wangu alikuwa chumbani, amekaa kitandani na hina mpaka viwikoni, mzuri mpaka nikashindwa kumtania. Chumba kilijaa. Simu ya binti yangu ikaita kutoka msikitini. Akasikiliza, akainua mkono. "Ndoa imepita!"

Wote wakanigeukia mimi. Nikainua leso. Nilivuta pumzi, na ikaingia, ikaendelea kuingia, mpaka chini kabisa ambako nilikuwa nimesahau kuwa kuna nafasi. Nikaanza. Kikapanda, kikafika pale pale kilipokuwa kimekwama siku ya posa, kikapita. Wallahi kilipita! Kikazunguka chumba, kikatoka dirishani, kikaenda zake uwanjani, na mimi nikawa nakifuata tu. Nilimwona mke mwenzangu ameshika mdomo, wanja unamteremka. Nilipoona karibu nitaishiwa, nikakishusha taratibu mwenyewe, kwa hiari yangu, na ndipo nikateremsha ncha ya leso. Nyumba ikapasuka.

Katika kelele zile nilitafuta sauti moja, sikuisikia. Nikatoka nje. Wifi alikuwa nyuma ya sufuria kubwa, ameinama, mkono mmoja umeshika goti, mwingine bado umeshika mwiko wangu. Anakohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kilikuwa changu.

"Moshi tu huu," akasema alipoweza.

"Tangu lini?"

Akajifuta uso kwa leso. "Tangu kabla yako." Kisha akakaa juu ya gogo, na maneno yakamtoka kwa vipande. "Siku ile ya posa nilipokumalizia, nilikwenda nyuma ya choo nikakohoa mpaka nikaona nyota. Sijapiga kingine tangu siku hiyo. Nilisema mimi nipo, wifi, lakini sikuwepo. Kila siku nilikuwa nakuombea upone, maana ungeshindwa wewe, mimi ningesimamaje?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine ya ukali, ya miaka mingi. Yote yaliniyeyuka. Nikamsogeza upande wa upepo, nikamletea bilauri ya mabungo, nikamsimamia mpaka akaimaliza. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda kwa yule msichana wa bara, na asithubutu kubisha. Nikamwambia pia, kwa sababu alistahili kusikia, kwamba pilau yake ilikuwa nzuri. Haikuwa na chumvi ya kutosha, lakini nitalisema hilo siku nyingine.

Kesho yake, jua likiwa bado changa, nikachukua sururu begani nikazunguka ua. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye juu ya mbegu, juu ya fukusi, juu ya mama mkwe. Nikamkuta amesimama jikoni kwake, leso kiunoni, dari tupu, mahindi yote yako chini kwenye mkeka. Ukutani alikuwa amechora kwa mkaa mraba wa dirisha, mkubwa kuliko langu.